Halali Inayotafutwa Msituni: Vijana Wetu na Uwindaji wa Bata Mzinga

Wazazi wa Kiislamu tunaolea watoto katika nchi za Magharibi hujifunza mapema kusoma maandishi madogo kwenye pakiti ya nyama. Palipo na muhuri wa halali tunatia kikapuni. Pasipo na muhuri tunarudisha rafuni. Ni neema kubwa, na wazee waliotutangulia katika miji hii hawakuipata kwa urahisi. Hata hivyo, neema hiyo imetulelea watoto wasiojua kinachotokea kabla ya muhuri kubandikwa. Katika msikiti wetu mdogo mjini Columbus, jimbo la Ohio, mwalimu wa madrasa aliwauliza wanafunzi nyama ya halali inatoka wapi. Mtoto mmoja akajibu kwa yakini: "Dukani kwa Msomali." Tulicheka, lakini kamati ilipokutana wiki ile jibu hilo lilikuwa bado mdomoni mwetu.

Waumini wetu wametoka Mombasa, Unguja, Kasongo na kwingineko kunakosemwa Kiswahili. Wengi wa wazee walichinja kuku wakiwa na umri wa miaka kumi, na baadhi yao walikua wakitega kanga na kware. Mzee mmoja, aliyelelewa mashambani nyuma ya Kilifi, alituambia kwamba darasa juu ya kuchinja halitoshi kwa mtoto ambaye hajawahi kukiona kiumbe kikiwa hai kabla ya kuwa chakula. Akapendekeza tuwapeleke vijana wakubwa kuwinda bata mzinga wa mwituni katika majira ya machipuko. Kamati iliduwaa kwanza, kisha ikaanza kuuliza maswali.

Huenda msomaji wa nyumbani anamjua bata mzinga wa kufugwa tu, yule mzito anayetembea uani kwa majivuno. Wa mwituni ni mwembamba zaidi, ana miguu mirefu, hukimbia kwa kasi, huruka vizuri, na usiku hulala juu ya miti mirefu. Asili yake ni bara la Amerika, ingawa kila taifa limempa uraia wa kwingine. Waingereza walimwita kwa jina la Uturuki. Waturuki wanamwita wa India. Wamisri wanamwita jogoo wa Rumi, na Waarabu wa Shamu jogoo wa Habasha. Inaelezwa kwamba jina la Kiingereza lilikuwa kwanza la kanga wetu wa Afrika, waliofika Ulaya kwa mikono ya wafanyabiashara wa Kituruki, kisha likahamia kwa mgeni huyu kwa sababu watu waliwachanganya. Mzee wetu alipolisikia hilo alifurahi sana, akasema basi tunakwenda kumwinda shemeji wa kanga.

Ndege huyu ana historia yenye mazingatio. Misitu ya Ohio ilifyekwa kwa ajili ya mashamba, na watu wakawinda bila mpaka, hata ilipofika mwaka 1904 hakubaki bata mzinga wa mwituni hata mmoja katika jimbo zima. Misitu ilipoanza kurudi, idara ya wanyamapori ikaanza kuwarejesha katika miaka ya 1950. Msimu wa kwanza wa uwindaji wa zama hizi ulifunguliwa mwaka 1966 katika kaunti tisa tu, na ndege waliopatikana walikuwa 12. Ilichukua mpaka mwaka 1984 idadi ya waliowindwa kupita 1,000 kwa msimu. Leo wamo katika kaunti zote 88. Sehemu kubwa ya fedha za kuhifadhi wanyamapori Marekani hutokana na kodi ya bunduki, risasi na zana za mishale inayoelekezwa huko kupitia sheria ya mwaka 1937, kwa hiyo mwindaji naye huchangia kukitunza anachokiwinda. Idadi iliposhuka tena, jimbo lilipunguza ruhusa: tangu mwaka 2022 kila mwindaji anaruhusiwa dume mmoja tu kwa msimu wote wa machipuko. Tuliwaeleza vijana kwamba neno la Kiswahili linalolingana na utaratibu huo wanalijua tayari, nalo ni amana.

Kanuni za machipuko zina hekima yake. Majike huatamia mayai kwa muda wa siku 28 hivi, kwa hiyo haruhusiwi kupigwa ila ndege mwenye ndevu, yaani kishungi cha nyoya ngumu kinachoning'inia kifuani, ambacho kwa kawaida ni alama ya dume. Madume wakati huo hutafuta majike. Hutandaza mkia kama upepeo, hushusha mbawa mpaka zikaburura chini, na hupaza mlio unaosikika mbali. Mwindaji hujificha na kuiga sauti ya jike ili dume amfuate. Saa ya kuruhusiwa huanza nusu saa kabla ya jua kuchomoza. Vijana wasiozidi miaka 17 wana siku mbili zao katikati ya Aprili, kabla ya watu wazima kuingia, nao lazima wasindikizwe na mtu mzima asiyewinda. Baba, kwa hiyo, huketi karibu na mwanawe bila silaha. Kazi yake ni kuwa naye.

Kina mama ndio waliotupa mtihani. Mama wa kijana mmoja wa miaka kumi na minne alisimama katika kikao cha wazazi akasema wazi kwamba hakumtoa mwanawe katika vita vya mashariki ya Kongo ili aje kushika bunduki Marekani. Akauliza pia watu watasema nini wakiona vijana weusi, Waislamu, wamevaa nguo za mabaka, wamebeba silaha msituni gizani. Hayakuwa maswali ya kujibiwa kwa mzaha. Tulikubaliana kwamba hakuna kijana atakayekwenda kabla ya kumaliza kozi ya usalama wa uwindaji na kufaulu. Bunduki itakaa chini ya kufuli kwa baba, na risasi mahali pengine. Na tutawinda katika shamba la mtu anayetujua tu, kwa ruhusa yake ya maandishi, kama sheria inavyotaka. Mkulima mmoja Mkristo wa kaunti ya Vinton, ambaye kila mwaka tunanunua kwake mbuzi wa Idi, alitukaribisha. Mama yule akakubali, lakini akaweka sharti lake la mwisho: "Mkiniletea mzoga, msiuingize jikoni kwangu."

Sharti hilo ndilo lililolifanya darasa letu la majira ya baridi liwe zito. Kwa miezi miwili, kila Jumamosi baada ya Adhuhuri, vijana walisoma hukumu za uwindaji. Mwenyezi Mungu ameuruhusu katika Sura al-Maida, na katika sura hiyo hiyo ameukataza kwa aliye katika ihramu. Adiy bin Hatim (RA) alimuuliza Mtume (SAW) maswali mengi juu yake, na majibu aliyopewa yamepokewa na Bukhari na Muslim. Muhtasari wake ni kwamba mwindaji hutaja jina la Mwenyezi Mungu anapotuma mshale wake. Mshale ukipenya kwa ncha, kilichouawa huliwa. Ukipiga kwa ubavu kikafa kwa uzito wa pigo, hakiliwi. Na mnyama akifikiwa angali hai, achinjwe. Tukaongeza yale ya adabu: Mtume (SAW) amekataza kiumbe chenye roho kufanywa shabaha ya mchezo, na ametahadharisha kwamba anayefuatana na windo hughafilika. Mwindaji aliyekosa Alfajiri amepata hasara hata akirudi na ndege.

Tatizo lilikuwa bunduki yenyewe. Bata mzinga hupigwa kwa bunduki ya marisau, inayotupa chembe nyingi ndogo kwa mara moja, na shabaha huwa kichwa na shingo kwa sababu manyoya ya mwili ni mazito. Je, marisau hupenya kama mshale, au huponda kama jiwe? Wanazuoni wametofautiana. Wako walioiweka risasi katika hukumu ya kinachoponda, wakasema ndege asiyewahiwa kuchinjwa ni mzoga. Wako walioona kwamba inapasua na kupenya, na mashuhuri kati yao ni Imamu Shawkani wa Yemen, aliyefariki mwaka 1834. Wengi wetu tumelelewa katika madhehebu ya Shafi, na tuliwaelekeza vijana kwenye njia ya tahadhari: taja jina la Mwenyezi Mungu, piga kwa karibu, kisha mfikie ndege angali na uhai uliotulia umchinje. Mmoja wa vijana aliuliza uhai uliotulia unajulikanaje. Aliambiwa atazame harakati yenye nguvu ya kiumbe aliye hai na damu inayoruka pale kisu kinapopita. Aliandika daftarini mwake.

Tulitoka Columbus saa nane usiku, watu sita: vijana wawili, baba zao, mzee wetu, na sisi tuliobeba karatasi za ruhusa. Tulifika shambani giza likiwa bado zito. Tuliswali Alfajiri pembezoni mwa msitu wa mialoni, juu ya majani makavu yaliyolowa umande, tukielekea kaskazini mashariki, ndiko kibla kiliko kwa mtu wa Ohio. Mzee alipokimu kwa sauti ya wastani, dume mmoja akajibu kutoka mtini upande wa pili wa bonde. Ndege hawa wakati huo hujibu kila sauti ya ghafla: bundi, radi, hata mlango wa gari. Vijana walijizuia kucheka mpaka tukatoa salamu. Mzee akasema tu, "Naye ameamka," kisha akatukumbusha kuvua kofia zetu nyeupe na kuziacha garini. Kichwa cha dume huwa na rangi nyekundu, nyeupe na buluu, na mwindaji mwenye busara haingii msituni na mojawapo ya rangi hizo, asije mwindaji mwingine akamdhania ndege.

Tuligawanyika. Kijana yule ambaye mama yake aliweka sharti aliketi akiegemea mwaloni mnene, baba yake kuliani, mzee nyuma yao na kipande cha kigae anachokikwaruza kwa kijiti kutoa sauti ya jike. Sisi tulikuwa nyuma ya gogo, hatua chache kutoka kwao. Tangu saa kumi na mbili na robo hadi karibu saa mbili hatukusema neno. Bata mzinga huona mbali na huziona rangi. Mkono unaokuna pua unatosha kumfukuza. Tulimtazama kijana ambaye nyumbani hawezi kumaliza chakula bila kuangalia simu akikaa kwa muda huo wote, magoti juu, macho mbele, kupe akimtambaa mkononi. Mzee alikwaruza mara moja, akanyamaza kwa muda mrefu. Mwenye pupa hadiriki kula tamu.

Dume alikuja bila mlio. Kwanza tuliona mkia ukifunguka katikati ya vichipukizi, kisha kifua chenye kung'aa kama shaba, kisha ndevu. Alisimama kwenye hatua thelathini hivi, akanyoosha shingo. Tulimsikia kijana akisema "Bismillahi, Allahu Akbar" kwa sauti nyembamba, na bunduki ikalia.

Ndege alianguka akipiga mbawa kwa kishindo. Kijana alimkabidhi baba yake bunduki kama alivyofundishwa, akachomoa kisu akakimbia. Miiba ilimshika mguu katikati ya njia, akajinasua, akafika, akakishika kichwa, akakata. Sote tulifika nyuma yake tukihema. Alikuwa ndege mzuri mno, mwenye vikwaru virefu vilivyochongoka. Baba alimkumbatia mwanawe na kumpongeza. Kijana hakusema kitu. Alikuwa anakitazama kisu.

"Babu," alisema hatimaye, "nilitaja jina la Mwenyezi Mungu."

"Ulitaja, mjukuu wangu. Nilikusikia."

"Lakini alikuwa hai nilipomkata?"

Mzee alichuchumaa. "Wewe ndiye uliyefika kwanza. Uliona nini?"

Kijana alifikiri. Akasema mbawa zilikuwa zinapiga, lakini macho yalikuwa yamefumba na shingo ililegea mkononi kabla ya kisu. Damu ilitoka, lakini haikuruka. Baba yake aliingilia kwa upole, akasema mbawa zilikuwa na nguvu sana na yeye aliziona kwa macho yake. Mzee alimjibu kwamba hata kuku aliyekwisha kuchinjwa hupiga mbawa, kisha akamgeukia kijana na kumweleza bila kumficha: wako wanazuoni watakaokuambia ule, kwa kuwa ulitaja jina la Mwenyezi Mungu na marisau yalipenya, na hao si wajinga, ukifuata kauli yao hakuna hapa atakayekulaumu.

Wasomaji wakumbuke uzito wa jambo hilo kwa mtoto wa miaka kumi na minne. Ruhusa yake ilikuwa ya ndege mmoja, na ndege huyo ndiye huyu. Hakukuwa na wa pili mpaka mwaka ujao. Alikuwa amesoma miezi miwili, ameamka usiku, amekaa kimya kwa karibu saa mbili, na mdogo wake nyumbani alikuwa ameahidiwa unyoya na paja. Mama yake hakuwapo kuona damu iliruka au haikuruka. Angesema "alikuwa hai", sote tungekula.

Alisema, "Mimi nina shaka. Tuliihifadhi ile hadithi." Alikusudia hadithi ya kumi na moja katika Arubaini za Nawawi, iliyopokewa na Hasan bin Ali (RA), ya kuacha lenye shaka na kushika lisilo na shaka. Aliihifadhi akiwa na umri wa miaka tisa na kupewa zawadi ya kalamu za rangi. Hatudhani kwamba siku ile yeyote kati yetu alijua ilikuwa inawekwa akiba kwa ajili gani.

Tulimsajili ndege kwa simu kama inavyotakiwa, kwani mwisho wa kusajili ni saa tano na nusu usiku wa siku hiyo hiyo, tukampelekea mwenye shamba. Tulimweleza kila kitu. Hatukuuza wala hatukuficha. Alisikiliza kwa makini, akauliza swali moja au mawili juu ya damu, akampa kijana mkono kama anavyopewa mtu mzima. Ndege aliliwa mezani kwake. Kijana alibaki na unyoya mmoja wa mkia kwa ajili ya mdogo wake, na njia nzima ya kurudi alikuwa amegeukia dirishani. Baba yake alimwacha. Alipofika nyumbani mama alimuuliza ndege yuko wapi, naye akamsimulia mwenyewe. Mama alimpakulia ugali kwa samaki, akaketi naye mpaka alipomaliza.

Kamati ilijadili tukio hilo na kuweka utaratibu. Anayeweza kutumia upinde atumie upinde, kwa sababu mshale wenye chembe kali hauna utata katika hukumu. Anayetumia bunduki asipige ila mahali ambapo njia ya kumfikia ndege ni wazi, na aipitie njia hiyo mapema ili miiba isimshike. Kisu kinolewe usiku uliotangulia. Na picha za kujigamba juu ya mizoga zisipigwe.

Kijana wetu alitumia kiangazi kizima akirusha mishale kwenye gunia la majani nyuma ya nyumba yao. Machipuko yaliyofuata aliketi ndani ya kibanda cha turubai, na dume alimjia mpaka hatua kumi na tano. Nyuma ya dume alisimama jike, na mshale ungeweza kumpita wa kwanza ukamfikia wa pili. Aliulegeza upinde. Ndege wale walipita, na msimu wake ukaisha bila kitu. Mwezi Mei baba wa kijana mwingine ndiye aliyepata dume kwa mshale, akamfikia macho yakiwa wazi, akamlaza kuelekea kibla na kumchinja, na damu ikaruka kama ilivyoelezwa darasani. Kina mama waliichemsha miguu yake kwa saa tatu na tangawizi, kwa maana misuli ya ndege wa mwituni ni migumu kama kamba, kisha wakaipika pilau. Nyumba saba zilionja. Mama yule wa sharti ndiye aliyesimamia sufuria.

Hatuwaambii wazazi wote waende msituni. Wengi hawana nafasi, na bunduki si kitu cha kukaribisha nyumbani bila sababu. Tunachosema ni kwamba dini ya mtoto haikai katika muhuri uliobandikwa na mtu mwingine. Mpeni nafasi ashike kisu akiwa na mjuzi, aone roho ikitoka kwa jina la Mola wake, na aulizwe swali ambalo jibu lake analijua yeye na Mwenyezi Mungu peke yao. Inaweza kuwa kuku wa Ijumaa, mbuzi wa Idi, au samaki wa ndoana. Akijibu kweli kwa hasara yake mwenyewe, msiharakishe kumfidia. Ketini naye mpaka amalize chakula chake.

Mwenyezi Mungu awape watoto wetu riziki ya halali na nyoyo zinazoitambua. Wabillahi tawfiki.